Mnunuzi wa friji kanitumia hela iliyozidi, sasa ananidai chenji

Shikamoo Shangazi.

Naandika nikiwa sebuleni, simu nimeizima sauti na kuilaza kifudifudi, kwa sababu kuna mtu ananipigia kila baada ya dakika kumi na sijui nimjibu nini.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Segerea. Mume wangu alihamishiwa Dodoma kikazi tangu mwezi wa nne, na sisi tunamfuata shule zikifungwa. Tulipoulizia bei ya lori la kubeba vyombo vyote tukachoka, tukakubaliana vikubwa viuzwe huku, tutajipanga upya huko huko. Kazi ya kuuza ikawa yangu. Mdogo wangu akanionyesha namna ya kupiga picha na kuweka tangazo mtandaoni. Nikaweka jiko la gesi, kabati la vyombo na friji.

Jiko ndilo lililoanza kuniliza. Alipiga kijana mwenye sauti ya upole, ananiita mama, anasema yuko kazini bandarini hawezi kutoka ila mke wake anafungua mgahawa na jiko linatakiwa leo leo. Bei ya Sh350,000 hakuipinga. Haikupita muda ikaingia meseji: imethibitishwa, umepokea Sh350,000 kutoka kwa fulani, tarehe, saa, salio lako jipya, kila kitu kama zile tulizozizoea. Akapiga hapo hapo: "Mama, umeiona? Basi kijana wa guta nimeshamtuma, yuko hapo Segerea mwisho." Na kweli akaja mtu na guta. Tukampakilia, mimi mwenyewe nikamshikia kamba akifunga. Jioni naenda kwa wakala kutoa hela ya mboga, naambiwa salio ni Sh12,400. Nilirudia namba ya siri mara tatu nikidhani nimekosea mimi.

Mume wangu sikumwambia. Nilisema jiko nimemkopesha mwalimu mmoja, atalipa mwisho wa mwezi. Hilo nalo linanikaba kooni.

Sasa la friji. Safari hii nilijiapiza kwamba meseji siiamini, naangalia salio. Juzi akapiga kaka mwingine, friji nimetangaza Sh480,000, akasema sawa, hana haja ya kuja kuliona kwa kuwa picha zinajieleza. Jana saa nne asubuhi ikaingia Sh680,000. Nimeangalia salio, Shangazi, hela ipo kweli. Nimeangalia mara nyingi. Jina la aliyetuma ni la mwanamke. Nilipomuuliza akasema ni mke wake, ndiye mshika hazina, na laki mbili iliyozidi ni ya dereva wa kirikuu atakayebeba friji pamoja na mizigo yao mingine. Kwa hiyo nimtumie dereva kwenye namba atakayonipa, na hela ya kutolea niikate humo humo. Namba akaituma. Nikaanza kutuma, jina la dereva likaja, roho ikasita, nikaghairi. Sijui kwa nini. Pengine ni lile jiko.

Tangu hapo sina amani. Kwanza alikuwa mpole, mara dereva ana haraka, mara anadaiwa mafuta. Usiku akageuka: nimekula hela yake, ana ndugu yake polisi, namba yangu imeshafika huko, kesho nakamatwa. Mdogo wangu anasema tapeli hawezi kukutumia hela ya kweli, kwa hiyo ninayeonekana tapeli hapa ni mimi. Na mimi naanza kuona hivyo.

Halafu kana kwamba hayo hayatoshi, tangu jana mchana kuna mama amenipigia mara mbili kuuliza mashine yake ya kufulia itafika saa ngapi. Nimemwambia mama umekosea namba, mimi siuzi mashine ya kufulia. Mara ya pili akaanza kulia, nikakata.

Nimrudishie huyu kaka laki mbili yake yaishe? Au achukue friji na hela yake yote aniache? Na nitamjuaje mnunuzi wa kweli? Kabati bado lipo, na Dodoma tunasubiriwa.

Mama wa Vyombo, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha isubiri zamu. Ilikuja na namba ya simu chini yake, nikaipiga kabla chai yangu haijapoa. Nilichomwambia mwenzenu siku ile kilikuwa kifupi: hela usiitume, usiitoe, usiile, na friji lisivuke kizingiti. Leo naeleza sababu, kwa ruhusa yake, maana barua za namna hii ninazo nyingi na karibu zote zinanifikia mtu akiwa ameshatuma.

Tuanze na yule mama uliyemkatia simu. Hakukosea namba.

Nilikuomba ufungue meseji ya Sh680,000 unisomee jina la aliyetuma. Ukanisomea. Nikakuambia sasa mpigie yule mama, usimweleze lolote, muulize tu anaitwa nani. Ulinirudia baada ya robo saa, ukakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Jina lilikuwa lile lile.

Mchezo unakwenda hivi. Tapeli anaokota picha ya mashine ya kufulia popote alipoikuta, anaitangaza kwa bei ya kumtoa mtu mate. Mama wa watu anapiga, anaambiwa wateja ni wengi, anayelipia kwanza ndiye mwenye mali, lipia kwa dada yangu, namba yake hii hapa. Hiyo namba ni yako. Dakika hizo hizo wewe unaambiwa mke wangu ndiye anayelipa. Mama anatuma, wewe unapokea, kumbe mnapitishiana hela ninyi kwa ninyi na yeye amekaa pembeni. Hajatoa hata shilingi. Ukimpa anachotaka anaondoka na friji zima na laki mbili juu, na kesho yake mama anakwenda kituoni na ushahidi kamili kwenye simu: jina lako, namba yako, tarehe na saa. Laini yako imesajiliwa kwa alama zako za vidole, kama zote tangu zile zisizosajiliwa zilipoanza kuzimwa Januari 2020. Ya kwake ukiifuatilia, usishangae ukiikuta kwa jina la bibi mmoja wa kijijini ambaye siku ya kusajili laini aliambiwa aweke kidole mara mbili, cha kwanza hakijasoma.

(Hilo la bibi nimelitaja kwa makusudi. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama kuna usiyoijua, peleka kitambulisho dukani kwao uikane.)

Mdogo wako aliposema tapeli hawezi kutuma hela, alipatia nusu. Hakutuma yeye. Alimtuma mtu atume.

Kwa hiyo kaka huyo hana chenji kwako. Hana laki mbili ya kukudai, hana friji la kukudai, wala hana namba ya dereva utakayoitumia hata kama akilia. Mwenye hela ni yule mama, zote 680,000. Hata hivyo kwake nako usizitume kwa mkono wako, na hapa ndipo watu wema wanapoumia. Yeye naye alishashtuka, na mtu aliyeshtuka hupiga huduma kwa wateja kuomba muamala wake urudishwe. Ukituma wewe, na mtandao nao ukaja kuchukua kwenye salio lako, utakuwa umelipa mara mbili deni ambalo si lako. Nenda duka la mtandao wako wa simu, na simu yenyewe na kitambulisho mkononi. Waambie hela hii imeingia kwa utapeli, mwenyewe ni huyu, naomba irudi kwenye laini ilikotoka. Usiondoke bila kumbukumbu ya malalamiko. Kisha kituo cha polisi, mkachukue RB, ile namba ya taarifa mliyoandikisha, wote wawili, wewe na yule mama. Mkifika pamoja mnasikilizwa kama watu wawili waliotapeliwa. Mkifika kila mtu kwa wakati wake, wa kwanza anakuwa mlalamikaji na wa pili mshtakiwa.

Kuhusu vitisho vya ndugu yake polisi: siku nyingine jibu ni "sawa, tukutane kituoni saa tatu, na mimi nakuja na mjumbe wangu." Hatakuja. Kutoa taarifa za uongo mtandaoni ili mtu adanganyike ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hawa vijana wanalijua hilo kuliko sisi. Namba zake zote, na ile ya "dereva", ziripoti kupitia 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kisha mzuie, ulale.

Sasa jiko.

Kabla ya kuandika nilikaa kwenye kibanda cha uwakala Buguruni miaka saba. Meseji kama yako nililetewa hata kwa wiki mara mbili, na mwenye simu akinitazama kama vile hela nimeificha mimi. Uliponitumia ile ya kwako niliisoma kwa jicho la kibanda. Inasema salio lako jipya ni Sh350,000. Lakini wewe ulikuwa na Sh12,400 kabla. Ingekuwa ya kweli ingesema Sh362,400. Tapeli anaweza kuiga herufi, vituo, hata namba ndefu ya muamala, lakini salio lako halijui, kwa hiyo anabahatisha, na mara nyingi anaandika bei ya kitu chenyewe. Wapo wanaokuuliza kwa ujanja, "Mama, laini yako ina nafasi? Una kiasi gani mle nisije nikazidisha kiwango?" Ukimtajia, umemkamilishia meseji.

Kitu cha pili ni ilikotoka. Yako imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, haikukaa kwenye mfululizo mmoja na meseji zako za zamani za kupokea na kutuma. Lakini hili nalitaja kwa tahadhari. Jina la juu ya meseji nalo linaweza kuigwa, na zipo za uongo zinazoingia zimebeba jina linalofanana na la huduma yenyewe. Usitegemee macho. Piga menyu mwenyewe, kwa vidole vyako: *150*00# kama ni M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# Airtel Money, *150*88# HaloPesa. Angalia salio, na ukiweza omba taarifa fupi ya miamala ya mwisho. Picha ya simu yake inayoonyesha "imefanikiwa" haina thamani, mtoto wa darasa la sita anaitengeneza. Risiti ya benki aliyoipiga picha, hivyo hivyo, mpaka benki yako iseme hela iko kwenye akaunti.

Sasa jiulize kwa nini hukuangalia salio siku ile. Si kwamba hukujua. Umeandika mwenyewe: meseji iliingia, "akapiga hapo hapo". Huo ndio ufundi wao, na kibandani niliuona mpaka nikauzoea. Anakupigia sekunde ileile na hakati. Anakushukuru, anakuulizia watoto, anakuelekeza guta lilipo, anacheka. Kwenye baadhi ya simu ukiwa kwenye maongezi menyu ya hela haifunguki, na hata ikifunguka ni nani atakayeiondoa simu sikioni mwenzake akiwa katikati ya salamu? Anatumia heshima yetu kutushikia mikono. Kwa hiyo kata. Sema "subiri kaka, nakupigia," ukate bila kungoja ruhusa, uangalie salio, ndipo umpigie. Mteja wa kweli atasubiri, hela ni yake na anataka uione.

Ulitaka kujua utamjuaje mnunuzi wa kweli. Hili nitakaa nalo kidogo, maana watu wanasoma orodha za dalili za tapeli wakasahau kwamba mnunuzi wa kweli naye ana tabia zake, na ni rahisi zaidi kuzikariri hizo.

Mnunuzi wa kweli ni msumbufu. Friji analikuta limezimwa, anataka liwashwe. Anainamisha sikio kusikia mota. Anavuta mpira wa mlango aone kama unang'ang'ania. Anauliza linagandisha kwa muda gani, gesi imeshawahi kujazwa, lilishafunguliwa na fundi, umeme kwenu hauunguzi vitu? Ananusa ndani. Anataka kujua kwa nini unauza, na jibu lako haliamini. Kisha anaanza: mama, nina laki tatu na nusu hapa, taslimu. Unakataa. Anaondoka mpaka getini, anarudi. Nionyeshe mtu wa Dar es Salaam anayenunua friji la mkononi bila kuomba apunguziwe na bila kuligusa, nami nitakuonyesha mtu asiyenunua friji. Wako wawili, wa jiko na wa friji, hakuna aliyekuomba hata shilingi elfu tano. Ungeuza nyanya zako bila mteja kukuomba nyongeza ungeshtuka. Kwa friji ulidhani ni bahati.

Jambo la pili, anayenunua kwa kweli anataka kukutana. Anayekwepa ana hadithi ya kazi inayomfungia mahali: yuko bandarini, yuko mgodini, yuko kambini, yuko Muscat na ndugu yake ndiye atakayekuja. Kazi hizo ni za heshima, na wenye nazo wananunua vitu kila siku. Ila mwenye nazo anayenunua kweli humtuma mtu na hela mkononi, na mtu huyo anakuwa na swali la mota na la mpira wa mlango.

Na anayetumwa tumtendee haki. Kijana wa guta aliyekuja kwako inawezekana kabisa hakujua kitu: kapigiwa simu kijiweni, kaambiwa beba jiko Segerea, peleka mahali fulani, malipo ukifika. Wengine huishia kutolipwa hata nauli. Nalisema kwa sababu nimeona mama mmoja amepiga kelele ya mwizi kwa kijana wa bodaboda kwa kosa la aliyemtuma, na mtaa ukafika kabla ya maelezo. Tulimwokoa kwa kumfungia ndani ya duka la dawa. Aliyetumwa mwulize kijiwe chake, piga picha namba ya chombo chake, na kama malipo hayajaonekana mzigo usipande. Basi. Usimwitie watu. Na hili la kijiwe linaweza kukufaa hata sasa: vijana wa guta wa Segerea wanafahamiana, yule aliyebeba jiko akipatikana anaweza kukumbuka alilishusha wapi. Mpeleke kwa polisi kama shahidi.

Zipo mbinu nyingine ambazo hazijakufika lakini kwa kuwa namba yako sasa iko mtandaoni zitakufika. Atapiga "mnunuzi" aseme anaogopa matapeli, kwa hiyo kakutumia tarakimu sita kukuhakiki, msomee. Hizo ni tarakimu za kuhamishia WhatsApp yako kwenye simu yake; ukizisoma, ndani ya saa moja shangazi zako wote watakuwa wanaombwa hela kwa jina lako. Weka ile namba ya siri ya pili ya WhatsApp leo, iko kwenye mipangilio upande wa akaunti. Mwingine atakuambia amelipa ila hela "imekwama", laini yako ina kiwango kidogo, weka elfu hamsini ifunguke. Hela haikwami hivyo, na hakuna hela inayofunguliwa kwa hela. Na wa viungo: "kampuni ya usafirishaji imekulipa, bonyeza hapa ujaze namba za kadi yako ya benki upokee." Ili upokee hela, kinachohitajika ni namba yako ya simu au ya akaunti. Anayekulipa hahitaji namba tatu za nyuma ya kadi, hahitaji namba ya siri, hahitaji chochote unachokificha.

Lipo na la upande mwingine ambalo wauzaji huwa hawalifikirii: anayelipa kweli, anachukua mzigo kweli, kisha anapiga mtandao kudai alituma kimakosa. Kwa hilo dawa ni karatasi. Andikishaneni, hata kwenye daftari la mtoto: nimeuza friji aina fulani, namba yake hii, kwa kiasi hiki, kwa fulani mwenye kitambulisho hiki, sahihi zote mbili na shahidi mmoja. Mpige picha akiwa na karatasi na friji. Anayekataa kupigwa picha na friji alilolinunua kwa halali, mwache aende.

Umeniuliza pia, kwenye simu, kama hela ya jiko itarudi. Sitakufariji kwa uongo. Ile hela haikuwahi kuwepo, kwa hiyo mtandao hauna cha kurudisha. Kilichopotea ni jiko, na jiko hutafutwa na polisi kwa RB, kwa meseji ile na kwa mwenye guta. Likipatikana, shukuru. Lakini atakayekufuata ndani ya simu akisema ni mtaalamu wa kurudisha vilivyotapeliwa, anataka laki moja ya kuanzia kazi, huyo ni yule yule amebadilisha laini, au ni binamu yake.

Na mume wako.

Mwalimu uliyemkopesha jiko anatakiwa kulipa mwisho wa mwezi, na mwalimu huyo hayupo. Tarehe ikifika utabuni nini? Utamfukuza kazi? Utamuua? Nimeona kibandani mwanamke aliyekopa kwa riba afidie hela aliyotapeliwa ili mumewe asijue, na mkopo ndio uliokuja kujulikana, kwa aibu kubwa kuliko ya mwanzo. Mwambie leo, tena kwa simu, usingoje mkutane. Anza na friji: mwambie kuna mtu amejaribu kukuibia friji ukamgundua kwa sababu ya kitu kilichokupata kwenye jiko. Ni kweli tupu, na inakuonyesha ulivyo, mtu aliyeanguka mara moja na mara ya pili akaghairi kidole kikiwa juu ya kitufe. Atakasirika. Laki tatu na nusu ni hela. Lakini kama ni mtu wa kuelewa ataelewa, na kama si wa kuelewa, uongo wa mwalimu ungemkasirisha zaidi. Ukitaka umwonyeshe kwamba hili haliwapati akina mama wa nyumbani peke yao, mwambie Shangazi wa gazetini alishamhudumia mhasibu wa kampuni, suti na tai, aliyetoa televisheni yake kwa meseji yenye makosa mawili ya herufi.

Kwa kabati na friji fanya hivi. Tangazo lisiwe na namba unayoitumia kwa benki na ndugu, tafuta laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako. Andika humo: mteja afike alione, malipo akiwa hapo hapo. Sentensi hiyo moja itakupunguzia nusu ya simu. Wakija, waje mchana, mdogo wako awepo na jirani ajue, vitu viwe kwenye baraza au sebuleni karibu na mlango, chumbani asiingie mtu. Taslimu zikizidi uwezo wako wa kukagua noti, nendeni pamoja kwa wakala au benki aweke kwenye akaunti yako yeye mwenyewe, uone salio, ndipo mzigo upande. Dereva amlipe mwenyewe.

Jana ulinitumia ujumbe kwamba yule mama mmekutana dukani kwa mtandao, mmefungua malalamiko, na anataka kuja kuliona friji kwa ajili ya dada yake. Mkaribishe. Awashe, asikilize, avute mlango. Akikuambia laki nne, mwambie laki nne na nusu ndiyo mwisho. Nimeziona picha, na mpira wa mlango bado mzima.